Nilivyovaa Miwani ya Marehemu Bibi Ada

Mill Lane 9,
Burnthorpe,
Uingereza.
3 Machi, 1957

Mpendwa Mjomba Bashiri,

Shikamoo, Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mkaza mjomba Zena na wote wa nyumbani Chinongwe. Mguu wako unaendeleaje, ule ulioangukiwa na gunia la ufuta? Mvua zimekujaje mwaka huu, na je, nguruwe wamewaachia mtama kidogo? Mimi huku sijambo, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo tangu Desemba sina hakika kama bado ni vyangu.

Kabla ya habari nina ombi. Isome barua hii peke yako kwanza, kisha uende kwa baba kabla hajaitwa boma. Mwalimu mkuu wa shule ninayosoma amemwandikia Bwana DC wa Nachingwea kuhusu mimi. Barua yake ilitangulia yangu karibu wiki mbili, lakini imepitia Dar es Salaam serikalini, na karatasi za serikali hazina haraka, kwa hiyo huenda yangu ikaiwahi. Nakuandikia wewe kwa kuwa wewe ndiye mjomba, na nikiharibu ni wewe utakayeulizwa umelea nini. Usishtuke. Sikuiba, sikupigana, wala hakuna binti wa mtu aliyenitaja.

Ila nikianza na kosa hutanielewa, basi acha nikueleze kwanza tunavyoishi.

Nakaa kwa Bwana Spana, yule fundi wa matrekta aliyefanya kazi na baba karakana ya Nachingwea wakati wa mashamba ya karanga. Huku wanamwita Harold, lakini ukimwita Spana ndipo anapogeuka haraka. Hana mke. Alikuwa akiishi na mama yake, Bibi Ada, mwenye miaka themanini na mmoja. Naamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje bado ni giza totoro, nazoa majivu kwenye meko ya sebuleni na kuleta makaa ya mawe kutoka uani. Kisha tunakunywa uji na kula mayai. Bibi Ada alipoambiwa kwamba sili nguruwe, alininunulia kikaango changu mwenyewe, akakiandika jina langu kwa rangi nyekundu ili mtu asije akakikosea. Bwana Spana anakwenda kazini kwa baiskeli, maana petroli inagawiwa kwa vibali tangu vile vita vya Mfereji wa Suez.

Shuleni tuko thelathini na wawili darasani. Hesabu naziweza vizuri. Wanatufundisha pia lugha moja ambayo wenyewe wote walishakufa, na bado tunafanyiwa mtihani. Jumatano tunacheza mpira wa kukumbatiana kwenye tope. Nimetoka damu puani mara mbili na nimesifiwa mara zote mbili. Wenzangu wananiuliza habari za simba. Nimewaambia kweli, kwamba anayetusumbua sisi ni nguruwe mwitu, wakanionea huruma. Chakula cha mchana ni viazi vya kuchemsha, na kesho yake viazi vya kuchemsha.

Andrea, yule mwanafunzi wa huku tuliyebadilishana nafasi, ameandika barua hapa shuleni kwamba Nachingwea amelishwa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na kwamba anaipenda. Nimemwonea wivu hadi usingizi ukanipaa. Korosho mlizotuma zilifika salama. Bibi Ada hakuwa na meno ya kuzitafuna, akaomba azitwangiwe.

Bibi huyo alikuwa mkali, Mjomba. Sisi tumezoea mlango kuwa wazi mchana kutwa, na mimi kila nikiingia nausahau. Basi utamsikia kutoka kitini kwake karibu na moto, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi, anagonga sakafu kwa mkongojo: "Mlango! Makaa mnayaokota barabarani?" Alinipigia kelele hivyo kila siku kwa miezi mitano, na kila usiku alikuja kuangalia kama nimejifunika vizuri. Nilimpenda.

Sasa jambo lenyewe. Unajua jinsi baba na Bwana Spana walivyokuwa wakiitana mtani. Baba alikuwa akimwambia mbele ya mafundi wote kwamba Wangoni walikuja kuchukua mtama wetu kwa mikuki, na sasa Waingereza wamekuja kuchukua mashamba yenyewe kwa matrekta, na kwa kuwa kuwapiga hatuwezi, basi tutafanyaje, tutaniane. Bwana Spana alicheka siku nzima, na tangu siku ile ukawa utani wa kweli. Baba alimvua kofia kila asubuhi na yeye alikula chakula cha baba bila kuomba. Siku niliyofika hapa, neno la kwanza aliloniambia kituoni lilikuwa hilo hilo: "Mtoto wa mtani!"

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Februari Bibi Ada alifariki akiwa amelala. Hawalii huku, Mjomba. Wanasema polepole, wanakunywa chai, na mtu akitaka kulia anakwenda chumba kingine. Bwana Spana hakusema chochote wala hakula. Asubuhi alipanda baiskeli akaenda kazini, jioni akarudi akakaa akitazama ukuta. Jumatano hivyo hivyo, Alhamisi hivyo hivyo. Niliogopa.

Nikamkumbuka Kipriani, yule Mngoni, siku tuliyomzika babu. Mama alikuwa siku mbili hajameza kitu. Kipriani akaja kutoka Nachingwea, akavaa kanzu ya babu, akapinda mgongo, akaanza kumgombeza kila mtu kwa sauti ya marehemu, na akakataa kuivua mpaka mama ale. Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akala. Hakuna aliyekasirika, maana ndiyo kazi ya mtani. Na wewe mwenyewe ulisema kwamba msiba usio na mtani ni kama wafiwa wametupwa.

Nikajiuliza, mtani wa nyumba hii ni nani? Ni baba, naye yuko Chinongwe. Aliyepo ni mimi.

Ijumaa tulipotoka makaburini watu walijaa sebuleni na vikombe vyao. Kiti cha bibi kilikuwa kitupu, wote wanakizunguka kwa mbali. Nikaenda jikoni, nikavaa aproni yake, nikavaa miwani yake, nikachukua mkongojo. Nikaingia nimepinda mgongo, nikaketi kwenye kile kiti, nikagonga sakafu. Nikasema kwa sauti yake, "Mlango! Makaa mnayaokota barabarani?" Kisha nikasema sitoki kitini mpaka Harold ale mkate mbele ya macho yangu.

Hakucheka hata mmoja. Mwanamke mmoja aliangusha kijiko. Dada yake Bwana Spana, Bi Mabel, alikuja akanivua miwani taratibu, akaniambia nipande chumbani kwangu. Bwana Spana alitoka nje bila kunitazama. Nilikaa kitandani na ile aproni mpaka jioni, kwa kuwa niliona aibu kushuka kuirudisha.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita. Aliniambia nimemkejeli maiti mbele ya wafiwa, kwamba amekwisha kuliandikia boma, na huenda nikarudishwa kwa meli ya kwanza. Sikumlaumu, alisema kwa upole. Ila nilipofikiria baba amesimama mbele ya DC, kofia mkononi, akisomewa habari hizo na karani, nilitamani Bibi Ada angekuwa hai aniadhibu yeye mwenyewe.

Alhamisi saa kumi jioni mwalimu mkuu alikuja nyumbani, na Bi Mabel naye akaja, ili Bwana Spana aamue. Wakati huo alikuwa bado hasemi nami. Niliambiwa nijieleze. Nilieleza utani kwa Kiingereza, na ukiueleza utani kwa Kiingereza unabaki kama utovu wa adabu tu. Nilimtaja babu, nikamtaja Kipriani, nikasema nilitaka Bwana Spana ale. Bi Mabel akasema huo ni mzaha, na mzaha hauna nafasi msibani. Nikakubali kwa kichwa, maana kwao ndivyo ulivyo.

Kisha Bwana Spana akasema, bila kuinua kichwa, "Fanya tena."

Nilidhani sikuelewa. Akarudia. Sikuwa na miwani wala mkongojo. Nikafumba macho nikasema kama bibi alivyokuwa akisema. Mlango. Makaa.

Mjomba, yule mtu mzima alilia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, ameshika meza kwa mikono miwili, na katikati ya kulia akacheka, akalia tena. Bi Mabel alikuja akamshika bega, naye akaanza. Mwalimu mkuu alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Bwana Spana alikula vipande vinne vya mkate na siagi, amesimama, machozi bado yanamtiririka.

Kesho yake nikaambiwa nitabaki hadi Julai kama ilivyopangwa. Bi Mabel hajanisamehe kabisa. Ananisalimu, lakini hakai chumba nilichomo. Ana haki yake. Mwalimu mkuu amesema ataliandikia boma barua ya pili, lakini ya kwanza haiwezi kurudishwa njiani. Ndiyo sababu nakuomba umwahi baba. Akiitwa, aende amevaa kanzu safi, asiinamishe kichwa.

Ramadhani inakaribia, na nitafunga, ingawa siku za huku ni ndefu. Niombeeni. Msalimie sana mama Mwamina, na umwambie sweta ninalo. Wasalimie pia Bibi Biasha, dada Ashura, na mdogo wangu Shehe, ambaye asiguse vitabu vyangu. Mwenyezi Mungu auponye mguu wako na awape mavuno ya kutosha.

Bwana Spana yuko hapa mezani wakati naandika. Amesema ana maneno ya baba, na ameniapisha niyaandike vile vile, kwa Kiswahili chake cha karakana, nisirekebishe. Mfikishie hivi: "Shaibu, mama yangu nakufa. Wewe iko mbali, mtoto yako nafanya kazi. Nafanya mzuri. Siku mimi nakufa, wewe nakuja mwenyewe."

Wako akupendaye na kukuheshimu, mpwa wako,

Saadi Shaibu