Duara la Shemeji Masanja

Jumapili.

Duara moja jekundu kwenye karatasi nyeupe, basi. Shemeji Masanja kaagiza nakala ya mchoro wa makumbusho, kaitundika sebuleni kwake Igoma, na sasa wapwa zangu hawana habari na mimi.

Leo nilikuwa nawasimulia mamba niliyemvuta mkia kule Sengerema. Neema akageukia picha. "Mjomba, huyo mamba anakua kila Krismasi."

Wivu ukanipanda. Nikamwambia baba yake, "Shemeji, umeitundika kichwa chini. Mimi hizi nazijua."

Akaigeuza. Duara lililokuwa chini likapanda juu.

"Kumbe una jicho, shemeji," akasema. Wakasogeza viti waitazame vizuri, wakanipa mgongo.

Kibaya zaidi, na mimi nimeipenda.