Tarehe Uliyonivujishia

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tu ndiyo haiishi. Mgongo wako je?

Hapa kituoni sasa nachapa matangazo ya tahadhari. Roketi ikipaa, vipande vyake huangukia upande wenu, na tangazo hutolewa asubuhi ile ile. Simu haishiki huko, kwa hiyo nakuvujishia siri: tarehe 19, saa nne asubuhi. Funga karakana, nenda kwa shangazi ng'ambo ya mlima. Usimwambie mtu, nitafukuzwa.

Kitindamimba wako

22 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mama. Mgongo unauma, tumeshazoeana.

Shangazi yako hakuniona. Unamwambia fundi bati siku ya bati kushuka bure, halafu akimbie? Nikajisemea mwenda bure si mkaa bure. Nilijibanza bondeni, likaanguka tangi kubwa kuliko mlango wa karakana! Bati jepesi, laini kwenye mkasi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walifika nimeshalivuta nyumbani. Kesho nalipasua nitengeneze ndoo. Nipe tarehe nyingine.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakuomba usilipasue! Nilikupa tarehe ukimbie, si uvizie. Ndani hubaki mafuta yenye sumu, yananuka kama samaki aliyeoza. Usiyaguse, usivute hewa yake. Nijibu upesi, silali.

Kitindamimba wako

12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Vumilia mwandiko, naandikia kitandani.

Barua yako ilinikuta nimeshapasua. Harufu ile niliisikia, nikamsingizia paka. Sasa macho yamekuwa ya njano na kifua kinabana. Daktari anauliza kila siku nilishika nini, anasema akijua atanipa dawa yake. Nimemwambia rangi ya mabati. Nikitaja tangi wataniuliza nilijuaje siku, na kazi yako itakwenda. Ulisoma kwa shida. Usije.

Baba yako

23 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali. Nilikuja mbio na karatasi yenye jina la ile sumu, nikakuta wameshatoka makaburini kukuzika, shangazi anafua shuka zako. Naandika kwa sababu sijui kuzungumza na wewe kwa njia nyingine.

Kabla ya kuondoka nilimweleza mkuu wangu yote, nikingoja barua ya kufukuzwa. Akaniambia hata yeye humwonya mama yake kila roketi inapopaa. Hakuna ambaye angenifukuza, baba. Ungemwambia daktari tu.

Kitindamimba wako