Tone la Pili

Jumatatu, 3 Machi
Leo maabara, kupimwa kichocho. Chekechea nzima, kwa sababu ya mto. Binti yangu namwita Nyuki maana halii, anavuma. Kijana wa maabara (koti limemzidi) analinganisha vipimo viwili. Kimoja kinauliza kama mwili umewahi kupigana na minyoo. Cha pili kinatafuta minyoo wenyewe, walio hai. Kila mtoto matone mawili.

Tone la kwanza, sawa. Kisha Nyuki akaingia chini ya benchi. Ati akichomwa tena atakufa na nitajuta. Miaka mitano huyu!

Kijana akatoka kufuata pamba. Sindano mpya ipo mezani. Nikajichoma mimi, tone nikalidondosha kwenye kipimo cha pili. Damu si ile ile? Ametoka tumboni mwangu. Kijana akarudi, akamsifu Nyuki kwa ujasiri. Nikaitikia.

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe kauliza plasta ya nini. Nimesema kisu, vitunguu. — Utamaliza vidole, mwanangu atapikiwa na nani? Mwanawe ana vidole kumi. Nimemmiminia chai.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu. Kijana anameremeta kama bwana harusi. — Mama Nyuki, mwanao katuletea maajabu. Kipimo cha kwanza: mwili haujawahi kuonana na mnyoo. Cha pili: wamejaa tele. Wameingia bila hodi!

Kesho wakubwa zake wanakuja. Watamtoa Nyuki chupa tatu za damu, kisha dawa. Nimecheka naye mpaka mlangoni. Nje nikaanza kujumlisha.

Mtoni nafua mimi, maji magotini, kila Jumamosi. Nyuki simruhusu hata kunawa. Na tumbo hili la chini linalouma, na ule mkojo mwekundu — nilisema uchovu. Mwezi mzima nasema uchovu.

Ijumaa, 7 Machi
Naandikia gotini, maabara. Wakubwa watatu, makoti yanawatosha. Wakatoa mkanda wa mpira, wakamwita Nyuki. Nikakaa mimi kitini, nikapandisha mkono wa gauni, mkanda nikajifunga mwenyewe.
— Mama, tunamtaka mtoto.
— Minyoo mnaowataka ninao mimi. Lile tone la pili lilikuwa langu.

Wote wakamgeukia kijana. Maskini, koti likazidi kuwa kubwa. Wakatoka naye kushauriana, mkanda wameniachia mkononi, unabana. Nyuki anauliza kama minyoo wangu wana majina.

Mkubwa mmoja amerudi. Anataka kujua kama nakojoa damu, na tangu lini. Nimemwambia Nyuki aende kwanza nje, akamwonyeshe kijana viatu vyake vipya —