Saa Niliyoifuta Ubaoni

Jumapili, mwezi wa sita. Kusi kali tangu alfajiri, mawingu mazito, rasharasha inakuja na kukatika. Mawimbi ya kifuani, yamevurugika, hayana mpangilio. Sijaingia majini. Sijaandika kitu ubaoni.

Hata hapa bloguni sina hamu ya kuandika, ila nikinyamaza leo nitanyamaza moja kwa moja.

Kwa wasionijua: mimi hufundisha watu kupanda mawimbi, kusini kidogo ya Diani, pale mwamba ulipoacha mlango na mawimbi yakaingia mpaka kwenye fungu la mchanga. Hakuna aliyenifundisha. Bodi yangu ya kwanza ilitupwa na mgeni, imevunjika mkia, nikaiziba mwenyewe. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kila asubuhi ninaandika kwenye ubao nje ya kibanda changu kimo cha mawimbi, upepo, saa ya maji kujaa, na saa ya kuanza kuingia. Walimu wote wa ufuo huu huusoma, hata wanaojifanya hawausomi.

Saa ya maji ninaihesabu kwa mwezi, kama tunavyohesabu kwetu Munje. Mwezi kumi na tano, maji hujaa saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, ongeza dakika hamsini hivi. Tunaingia muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, si mapema zaidi, kwa sababu kushoto kwa fungu kuna vichwa vya matumbawe. Wenzangu wanaotazama saa ya maji kwenye simu hunichokoza.

"Da Mishi, leo mwezi umekwambiaje?"

"Umeniambia simu yako ina chaji asilimia nne."

Jana hesabu yangu ilikosea kwa siku nzima.

Nilikuwa Vanga siku kumi na mbili nikimuuguza shangazi. Siku zote hizo sikuyaona maji ya hapa. Nikarudi Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi nikashika chaki, nikahesabu kichwani: leo mwezi kumi na tano. Nikaandika maji kujaa saa kumi, kuingia kuanzia saa nane.

Nilichosahau ni kwamba mwezi huu ulipoandama, kwetu kulikuwa na wingu. Hatukuuona, tukakamilisha siku thelathini za mwezi uliotangulia. Kuna wenzetu Ukunda wanaofuata mwezi ulioonekana kwingine, wao walianza siku moja kabla yetu. Kwa ibada sina neno, tulifuata tulichokiona. Lakini bahari haikukamilisha thelathini. Kwake jana ilikuwa mwezi kumi na sita, na maji yalikuwa yajae saa kumi na dakika hamsini. Mwezi ukiandama kwa wingu, mtu anayehesabu maji huongeza siku moja. Ninalijua hilo tangu nikiwa msichana. Jana halikunijia.

Dakika hamsini zinaonekana chache. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu yanapopanda kwa kasi, ni sentimita sabini na kitu. Mtu aliyeusoma ubao wangu alitarajia kupata maji ya kifuani juu ya matumbawe saa nane. Yalikuwa ya magotini.

Kassim aliingia saa nane na dakika tano.

Tumefanya kazi pamoja miaka sita. Hakuna anayepanda mawimbi vizuri kumshinda, mimi nikiwemo. Kesho Jumatatu alikuwa aanze kazi ya uokoaji kwenye hoteli iliyo mbele yetu, kazi aliyoiomba miaka mitatu mfululizo. Jana aliingia kuyaonja maji kabla ya wageni wetu wawili wa saa nane na nusu. Wimbi la tatu likavunjika lote kwa pamoja, likamtupa kushoto, juu ya matumbawe. Mtulinga umevunjika, na mgongo umechunwa kuanzia begani mpaka kiunoni.

Sasa ninakuja kwenye jambo ninaloliogopa.

Walipokuwa wakimtoa majini, nilikimbia kibandani kuchukua kanga ya kumfungia mkono. Nilipopita ubaoni niliifuta ile saa kwa kiganja. Kanga niliichukua baadaye. Hakuna aliyeniona. Ningependa kuandika kwamba nilichanganyikiwa, lakini nilijua ninachokifanya. Nilifuta saa zote mbili nikauacha upepo na kimo cha mawimbi, ili ubao usionekane umefutwa.

Tangu jana nimekuwa nikiilaumu hoteli. Mwaka uliopita walijenga uzio wakakisogeza kibanda changu nyuma ya mivinje, na kutoka pale siyaoni maji. Zamani nilikuwa ninaandika huku ninayatazama. Hilo ni kweli, na dhuluma ile sijaisamehe. Lakini jana asubuhi askari wao alinikataza kupita kwenye ngazi zao, nami nikanuna, nikasusa kuzunguka. Kuzunguka ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu mara nyingi nikiwalaani. Ni dakika tatu. Ningezitembea wakati wa maji kupwa ningeona yamechelewa, nikajua siku imenipotea.

Leo asubuhi nilikwenda hospitali. Mamake Kassim alinishika mikono yote miwili. "Ni kudra ya Mungu, mwanangu. Nawe ndiye uliyemfunga mkono. Mungu akulipe."

Nikaitikia amina.

Alipotoka kutafuta chai, Kassim akaniambia hoteli wamepiga simu. Wamesema asihangaike kwenda.

"Kwa ajili ya bega?"

"Bega wangelingoja. Wanasema mtu anayeingia kwenye matumbawe maji yakiwa magotini, hawezi kukabidhiwa roho za wageni." Akaendelea: "Niliyaona maji ni machache, Da Mishi. Nilisimama nikayatazama kabisa. Nikasema, ubao umeandikwa saa nane, na Da Mishi hakosei, basi macho yangu ndiyo mabovu. Niliwaeleza hivyo. Wakamtuma mtu akautazame ubao, hauna saa yoyote. Sasa mimi ni mjinga tena mwongo. Kwani uliandika saa ngapi?"

Nikamwambia sikuwa nimemaliza kuandika.

Alinitazama, kisha akatikisa kichwa polepole. "Basi nilisoma ya siku nyingine."

Aliniamini mara ya pili. Nami nikamuuliza kama anataka chungwa, nikammenyea.

Nimerudi nyumbani nikapiga hesabu, maana ndicho ninachokiweza. Nikisema, wageni wa hoteli hawatakuja tena kwangu, na wao ni saba katika kila kumi. Huenda na kibanda kikaondolewa, sababu wataipata. Nikinyamaza, Kassim ataishi ufuo huu akiwa mtu asiyejua maji, na hapa hatuna kazi nyingine isipokuwa maji. Atakuwa pia mtu asiyejiamini hata kwa anachokiona mwenyewe, na jana yeye peke yake ndiye aliyeona sawa.

Kwa hiyo naandika, na watu wa hoteli ninajua mnasoma hapa. Jana Jumamosi niliandika maji kujaa saa kumi, kuingia saa nane. Nilikosea. Kassim alisoma kile kile nilichoandika. Aliyefuta ni mimi.

Nimempigia Kassim kabla ya kuyaweka haya hewani, ili asiyapate kwa watu. Nilisema yote bila kupumzika. Hakunitukana, na ningependelea anitukane. Aliuliza jambo moja tu: mamake nitamwambia mwenyewe, au amwambie yeye?

Nimesema nitamwambia mwenyewe.

Saa za kuwaona wagonjwa zinaisha saa kumi na mbili. Sasa ni kumi na robo. Nimeshavaa buibui na bodaboda iko nje. Mamake atanishika mikono yote miwili kama asubuhi, na sijui nitaanzaje kuitoa mikononi mwake.