Nyasi za Kando ya Barabara

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo wako unaendeleaje na kuinamia cherehani kutwa nzima? Sisi hatujambo. Mama anauliza kama unakula, maana ile picha uliyotuma imemkosesha raha. Baba nyonga bado inamsumbua tangu alipoanguka, ila mdomo ni mzima kabisa.

Najua umeanza kuwaaga wateja, kwa sababu Baba alikuambia mvua zikiisha ufunge duka urudi kuchunga ng'ombe. Mimi niliyekuwepo hapahapa hakuniuliza. Nikamwomba niwachunge mimi wakati tukikusubiri. Akasema haya, lakini nyasi za kando ya barabara nisiziguse.

Unamjua kwa nyasi zile. Huziacha zipite kiuno na kutoa maua, ili wapita njia waseme mzee ana malisho. Na kweli husema, ila ng'ombe hawali sifa. Joto na mvua vikikutana, nyasi hizi hurefuka upesi mno, na zikishatoa maua zinabaki mabua matupu. Tumbo linajaa, maziwa hayaji. Bi Mkubwa, yule ng'ombe wetu wa kahawia, alikuwa akitembea humo akichagua ncha kama mtu anayechambua mchele, na ndoo ikawa haifiki nusu.

Basi mvua zilipoanza na nyasi zile kuchipua tena, nikakaidi. Niligawa shamba vipande kwa waya, nikaanza na hicho cha barabarani nyasi ziliponifika goti, bado majani matupu. Kabla ng'ombe hawajazikwangua hadi chini nikawahamisha, ili zilizobaki zipate nguvu ya kuota. Seremala jirani akampa Baba pole, akamuuliza kama nzige wamepita. Ee, nilikoma! Baba akaacha kusema nami. Tukiwa tumekaa meza moja, alimwambia Mama amwambie binti yake asogeze chumvi.

Niliogopa, sikufichi. Lakini nyasi zikarudi, nene kuliko mwanzo, na ndoo ikaanza kujaa. Asubuhi moja Baba akajikongoja hadi malishoni. Nyasi hakuzitazama. Alichokonoa kinyesi cha ng'ombe kwa fimbo yake, kama alivyotufundisha: kikiwa kigumu na kikavu, ng'ombe anakula mabua, kikiwa laini, amekula vizuri. Kilikuwa laini. Akaifuta fimbo, akarudi ndani. Jioni akaniuliza, mimi mwenyewe bila kupitia kwa Mama, kesho tunafungua kipande gani. Nilimjibu kana kwamba ni jambo dogo, halafu nikaenda nyuma ya zizi nikacheza peke yangu mpaka ndama wakanishangaa.

Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie usifunge duka. Sasa nikuambie na lile ambalo hakunituma. Usidhani nilifanya haya kuiokoa cherehani yako. Nilikuwa nawataka hawa ng'ombe. Nimewataka tangu utotoni, wewe ukitumwa malishoni ukinuna na mimi nikitumwa maji nikikuonea wivu. Kwa hiyo hata ukibadili mawazo, kaka, nafasi imeshachukuliwa na sikurudishii. Njoo utusalimie, maziwa nitakumiminia mwenyewe. Ila ukitaka kufungua lango la malisho, uniulize kwanza.

Wifi na watoto wape salamu zangu, na wewe ule, Mama alale kwa amani.

Mdogo wako akupendaye,
Kibiriti, mwenye zizi