Pikapu ya Delmar Getini

Shangazi Oneta, nakusoma kila Alhamisi kwa miaka mingi na sikuwahi kufikiri siku moja nitakuandikia mimi, lakini shida imenifika shingoni na msimu wa bata mzinga unaisha Jumapili ya wiki ijayo, kwa hiyo nakuomba unijibu upesi, na ukitaka kunigombeza nigombeze, ila usinicheke.

Mume wangu Delmar alifariki Novemba, moyo ulisimama akiwa anakaza waya wa uzio, na haya ndiyo majira ya kwanza ya machipuko bila yeye. Aliwinda bata mzinga kwenye Mgongo wa Pottinger, kule msitu wa serikali, tangu kabla hajanioa, na tulipooana akawa ananichukua na mimi, tunaegesha kwenye geti la msitu giza bado, anafunga mlango wa gari kwa kuusukuma kwa nyonga ili usilie, tunapanda bila tochi, ananiketisha chini ya mwaloni, halafu anakusanya viganja mdomoni na kulia kama bundi, na kule mbali dume la bata mzinga anashindwa kuvumilia, anajibu kutoka tawini kwake, mlio unaporomoka bondeni mpaka unausikia kifuani, na Delmar ananigeukia na kunitazama utafikiri yule ndege kamuumba yeye. Siku nyingi hatukupiga kitu. Tulishuka na uyoga umejaa kofia yake, nikaukaanga kwa siagi, tukala kwa mikono tumesimama jikoni, na leo hii, Shangazi, ningetoa chochote nilichonacho niule tena uyoga ule.

Miaka hiyo msitu mzima ulikuwa na magari mawili, letu na la Hollis Yount, rafiki yake. Unajua desturi ya huku kwetu, anayetangulia kuegesha getini ndiye mwenye mlima asubuhi hiyo, na anayekuja nyuma yake hugeuza akatafute pengine, si sheria, ni adabu tu. Wale wawili waliifanya mashindano ya maisha. Aliyewahi anapanda Pottinger, aliyechelewa anakwenda kule kijitoni na baadaye ananunua kahawa na mikate ya moto kwa mchuzi wa soseji katika mgahawa wa Mavis, na hapo ndipo maneno yalipokuwa hayaishi. "Delmar, mkeo kakufukuza kitandani nini, mbona umewahi hivyo?" Na wangu anamjibu, "Wewe endelea tu kulala, mzee mwenzangu, manyoya nitakuletea." Nilikuwa nikikaa pembeni yao nacheka mpaka kahawa inanipalia.

Basi siku ya ufunguzi mwaka huu nikaamka saa zile zile, mwili umezoea, nikachukua pikapu yake, bunduki sikuigusa, nilitaka kusikiliza tu. Nikakuta magari yamejaa kuanzia getini mpaka barabara kuu, mengine ya majimbo ya mbali, watu wameonyeshwa mlima wetu kwenye video na ramani za simu, na kulipopambazuka kila kona ya msitu kuna mtu anaita kama jike, huyu na kisanduku cha mbao, yule na kifilimbi cha mdomoni, na nikasikia wawili wakiitana asubuhi nzima, kila mmoja akidhani mwenzake ni bata, nusura waoane. Dume mwenyewe hakutoa hata sauti moja. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kesho yake ndipo nikafanya nililolifanya. Niliwahi kuliko wote, nikaegesha pikapu pale pale alipozoea kuegesha Delmar, pua imegusa geti, nikazima taa, nikajilaza kitini na blanketi juu. Baada ya kitambo kirefu wakaja vijana wawili wenye nguo za mabaka. Mmoja akashika boneti. "Ya baridi. Huyu keshapanda zamani." Mwenzake akasema, "Huyu mzee analala huku huku nini? Twende zetu, bwana." Wakageuza, na waliofuata wakageuza, na mlima ukatulia kama nilivyoujua mimi. Nikashusha kioo kidogo. Na yule dume akalia, Shangazi, juu kule kule, sauti ile ile, na mimi nikageuka kumtazama Delmar.

Tangu siku hiyo nakwenda kila asubuhi. Kuna siku alikuja mwanamke peke yake, nikamsikia akiongea kwenye simu, "Mama, nimekuta gari tena. Hapana, siwezi kumwingilia mtu. Ndiyo, ndiyo siku yangu ya mapumziko kutoka kazini hospitali, nitafanyaje sasa?" Nilichomwa moyo, nakiri, lakini sikuinuka, nilijiambia msitu ni mkubwa, atapata pengine.

Sasa sikia la Hollis. Magoti yamemwisha, anatembea na fimbo, na binti yake anamhamishia Kansas City mwezi wa sita, nyumba imeshauzwa. Sikuwa nimemwona tangu mazishi, nikadhani kuwinda ameshaacha. Jumamosi iliyopita nilipitiwa na usingizi nikachelewa, ndiyo kwanza nimefika, nimezima injini, hata blanketi sijalivuta vizuri, nikaona taa zake, nazijua, moja imefifia siku nyingi. Nikajilaza chini, nikawa nachungulia. Akashuka polepole. Akasimama kando ya pikapu, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale muda mrefu kama mtu anayemtuliza farasi. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Haya, Delmar. Umeniwahi tena. Kahawa juu yangu." Akarudi garini kwake, akageuza, akaondoka.

Tangu hapo sili nikashiba. Nikimwambia, atajua kwamba nimemnyima Pottinger katika msimu wake wa mwisho na kwamba nililala pale chini ya blanketi kama mwizi wakati yeye anaongea na rafiki yake, na kwa Mavis watapata hadithi ya mwaka mzima. Nikinyamaza, ataondoka hivyo hivyo. Na nikiacha kwenda, zile kelele zitarudi mlimani, na nitakuwa nimemzika Delmar mara ya pili. Nimwambie au ninyamaze? Tafadhali badilisha majina.

Mimi, Mwenye Pikapu

*

Mwenye Pikapu,

Pole, dada yangu. Na mimi nilimzika wangu, na mpaka leo asubuhi mkono unashusha vikombe viwili kabatini. Pole hiyo ni ya kweli, na inaishia hapo. Sasa kaa wima nikugombeze kama ulivyoomba.

Mlima ule si wako. Haukuwa wa Delmar pia, hata miaka ile mlipokuwa magari mawili. Yeye alikuwa wa kwanza getini tu, akaulipia kwa usingizi wake, akapanda kwa miguu yake, na mchana akauacha kwa atakayewahi kesho. Wewe umeegesha gari la marehemu mlangoni mwa watu wote ukajifunika blanketi. Tena jiulize uliowarudisha ni akina nani. Asiye na adabu hakuhangaika nawe, alipita pembeni ya gari akapanda, na wala hukumsikia. Waliogeuza ni wenye adabu peke yao, watu wa namna ya mumeo. Yule binti wa hospitali hakutaka kumwingilia mtu, na mtu mwenyewe hakuwepo. Mumeo angekuwa hai angekuvuta sikio.

Na bahati yako bado ni nzuri. Siku moja ungepitiwa na usingizi mpaka mchana, saa ya kuwinda imekwisha, gari bado liko getini na hakuna aliyeshuka mlimani. Mtu mwema angempigia sherifu, na wangekutoa chini ya hilo blanketi watu wa uokoaji na mbwa wao. Ungewaambia nini? Kwamba ulikuwa unasikiliza?

Najua unachokililia. Mimi ni wa milima hii, nilikuwa nalisikia dume likilia nikiwa bado kitandani, dirisha wazi, na baba anavaa buti zake gizani akidhani tumelala. Siku hizi nasikia milango ya magari. Inaniuma kama inavyokuuma wewe. Lakini hao watu wa video unaowachukia, humo ndani yao yupo kijana aliyempandisha mkewe kwa mara ya kwanza mwaka huu, akamketisha chini ya mwaloni, na ndege akajibu, na yeye akamgeukia. Ukimfungia geti huyo, kesho nani atakayekumbuka kitu chochote kuhusu Pottinger?

Twende kwa Hollis, maana hapo ndipo uliposhindwa kusoma barua yako mwenyewe.

Wale vijana walishika boneti wakaambiana ni ya baridi. Kila mwindaji anafanya hivyo, kujua mwenye gari kapanda zamani au sasa hivi. Baba alifanya, marehemu wangu alifanya, Delmar alifanya. Siku ya Hollis wewe ulichelewa, ndiyo kwanza umezima injini. Kwa hiyo kile kiganja kilichokaa muda mrefu, dada yangu, kilikaa juu ya boneti ya moto. Marehemu hapashi injini moto. Hollis alijua kuna mtu ndani, na mwenye funguo za pikapu ile ni mmoja tu duniani.

Angeweza kugonga kioo. Angeweza kusema, shemeji, inuka, unafanya nini humo? Hakutaka kukuaibisha. Akakuachia mlima katika msimu wake wa mwisho, na akapaza sauti. Mtu anayeongea na gari tupu hunong'ona. Delmar hakuhitaji kusikia maneno yale. Ulikuwa unaalikwa kahawa wewe, na umemwacha mzee wa watu wiki nzima bila jibu.

Aibu unayoiogopa ilishapita Jumamosi ile, na wala hukuihisi, kwa jinsi yule mzee alivyoibeba kwa upole.

Majina nimebadilisha, la mlima pia. Lakini watu wa huku watakutambua kwa pikapu, usijidanganye. Ungetaka siri ungeongea na mto wako, usingeandikia gazeti. Hollis naye anatusoma kila Alhamisi, na huenda dakika hii mmeshika ukurasa huu huu, kila mtu peke yake mezani kwake. Kwa hiyo hilo swali la umwambie au unyamaze, tuliache, limeshakwisha.

Fanya hivi. Kesho lala. Liache geti wazi, apande anayepanda, na kama yule binti wa hospitali atakuja, ana haki ya kulikuta tupu. Mchana nenda dukani ukakate kibali cha kuwinda kwa jina lako, si kukaa getini kwa jina la mumeo. Jumamosi amka saa zenu zile. Ukikuta gari la mtu limekutangulia, geuza, kama watu walivyogeuza kwa ajili yako, na usinung'unike. Ukiwa wa kwanza, msubiri Hollis. Kwa magoti yale hamtafika juu na hamna haja. Tafuteni mwaloni wa karibu, mketi, na yeye ndiye alie kama bundi, maana najua wewe Delmar hakukufundisha, alikuwa akikuonyesha tu. Kama watu ni wengi na dume asipojibu, basi hakujibu. Shukeni mwende kwa Mavis. Kahawa ni juu ya Hollis, alishatamka mwenyewe, usimwache ahamie Kansas City hajainunua, na ukifika hapo mwombe akusimulie zile asubuhi ambazo wewe hukuwepo. Anazo nyingi. Delmar wako aliyebaki yuko kwake, hayuko kwenye kiti cha pikapu.

Na pale getini, taa zake zikitokea, ile moja iliyofifia, usijilaze. Shusha kioo.

Shangazi Oneta