Sauti ya Mzee wa Nkunga

Ibighi, Jumanne

Jina la mzee wa kwenye kanda nimelipata, ila si kwa njia niliyotegemea.

Kanda ni ya mhadhara wa zamani kuhusu volkano, mtaalamu akiongea na wakulima wa Nkunga. Mwishoni mzee mmoja anauliza kama mlima Rungwe utaamka tena. Nanakili kanda hizi kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza, na sikutaka kumwandika "mzee asiyejulikana".

Leo nikampelekea Bibi Tumpe, aliyeolewa Nkunga miaka hiyo. Alisikiliza vizuri tu. Sauti ya mzee ilipoanza, akajifunika khanga usoni, akainuka, akatoka nje kwenye mvua.

Nikachukia. Kanda yenyewe inaweza kukatika wakati wowote, halafu mtu anaondoka!

Binti yake akacheka, akanitajia jina la mzee. "Huyo ni baba mkwe wake. Kwa mila yetu mwanamke hakai alipo baba mkwe. Hata sauti yake anaipisha."

Mzee mwenyewe alizikwa kabla sijazaliwa.

Nikazima, nikamwita Bibi. Akasimama nyuma ya mlango, khanga imelowa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ameshamaliza kuongea?"